Wasomaji Wanauliza: Kinga ya Ukimwi kwa Wanafunzi wa Sekondari

Tulipotangaza kwamba safu ya mwezi huu itahusu kinga ya virusi vya ukimwi kwa wanafunzi wa sekondari, barua zilitufikia kutoka mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi hapa Lubumbashi, Kongo, na hata kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Baadhi ziliandikwa na wazazi na walimu, lakini nyingi zilitoka kwa wanafunzi wenyewe, waliotuomba tusiyataje majina yao, nasi tumelishika ombi hilo. Nikiwa muuguzi ninayeingia madarasani mara kwa mara, sikushangazwa na yaliyomo. Vijana wa Lubumbashi wanauogopa ukimwi sana, lakini ni wachache walioelezwa ni nani hasa anayeweza kuwaambukiza, kipimo kinasema nini na hakisemi nini, na wana saa ngapi mkononi pale hatari inapowapata.

Mama Muuguzi, jambo sana. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi katika shule moja ya Kampemba. Prefe, yaani mkuu wa shule, ametuarifu kwamba wauguzi watakuja kuzungumza na wanafunzi wa darasa la tatu na la nne la sekondari kuhusu sida, yaani ukimwi. Baadhi yetu tunaona kwamba huku ni kuwafungulia watoto mlango wa uasherati. Je, si afadhali kungoja mpaka wamalize mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari? (Mzazi, Kampemba)

Ndugu mzazi, ninakushukuru kwa kuuliza wazi, kwa kuwa wengine wenye wasiwasi kama wako huwakataza tu watoto wao kuhudhuria. Wasiwasi huo umechunguzwa kwa miaka mingi na katika nchi nyingi. Mwaka 2018 UNESCO, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, ilitoa upya mwongozo wake wa elimu ya jinsia baada ya kupitia tafiti nyingi, na tafiti hizo hazikuonyesha kwamba mafunzo haya huwaharakisha watoto kuanza ngono. Pale yalipotolewa vizuri, baadhi ya vijana walichelewa kuanza, na waliokwisha kuanza walijikinga zaidi.

Kuhusu kungoja mtihani wa serikali, tuhesabu miaka pamoja. Mwanafunzi wetu hufika kwenye mtihani huo akiwa na miaka 18 au zaidi, na wale waliorudia madarasa huwa wamekaribia miaka 20. Katika madarasa ya chini wapo wasichana waliokwisha kuacha shule kwa sababu ya mimba, na wajumbe wa kamati za wazazi wanawajua. Palipotungwa mimba hapakuwa na kinga, tena mimba huonekana baada ya miezi michache, ilhali virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote.

Wala tusidhani kwamba mtoto asiyefundishwa na mwalimu hafundishwi na mtu. Anafundishwa na simu, na wakubwa wa mtaani, na yule anayemtaka. Ukitaka kujua watoto wenu wanajua nini, ombeni shule iweke kisanduku cha maswali yasiyo na jina siku chache kabla ya somo. Nimefungua visanduku vya namna hiyo. Vikaratasi vyake hukunjwa mara nne, mwandiko ukiwa umepindwa kusudi mwalimu asiutambue, na maswali yenyewe ni ya watoto wanaomtafuta mtu mzima wa kuwaambia ukweli. Je, msichana anaweza kuambukizwa mara ya kwanza? Je, kunawa baada ya tendo kunazuia? Mama akiwa na sida, mimi pia ninayo? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, la pili ni hapana, na la tatu linahitaji mtu akae chini na mtoto huyo kwa utulivu na kumpeleka kupimwa.

Ninachokuomba wewe na wenzako ni kudai mafunzo yawe mazuri. Mwambieni muuguzi aje kwanza kwenye kamati na kuonyesha atakachosema. Ombeni sehemu ya mazungumzo ifanywe kwa wasichana peke yao na wavulana peke yao, kwa sababu kuna maswali ambayo msichana hatayauliza mbele ya wavulana hata kidogo. Na msikubali kipindi kimoja cha mwezi wa Desemba, wakati wa siku ya ukimwi duniani, kihesabiwe kuwa kazi imekwisha.

Jambo Mama. Nina miaka 17, nasoma darasa la tano la sekondari. Kuna papa mmoja, dereva wa lori anayekwenda Kasumbalesa, ananilipia minervali, yaani ada ya shule, tangu mwaka jana na amenipa simu. Sasa anasema nimekuwa mkubwa. Ameniambia kwamba amepimwa na hana kitu, na kwamba kondomu ni ya wanawake wa njiani, si ya mtu anayemwamini. Mama yangu anajua kwamba yeye ndiye anayelipa shule. Nifanye nini? (Mwanafunzi, Katuba)

Mwanangu, minervali aliyokulipia mtu huyo haikukufanya uwe na deni ambalo mwili wako unapaswa kulilipa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajafikisha miaka 18, na mtu mzima anayemgusa mtoto kingono anaadhibiwa hata kama hakutumia nguvu. Kwa hiyo anayepaswa kuona aibu ni yeye.

Sasa tuyachunguze maneno yake. Anasema amepimwa. Kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vya afya hakivitafuti virusi vyenyewe, bali hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya virusi kuingia. Mhudumu huchoma ncha ya kidole, huweka tone la damu kwenye kikaratasi cha kipimo, na baada ya dakika kama 15 au 20 husoma mistari: mmoja ukionekana, kipimo kimefanya kazi na hakijaona kingamwili, miwili ikionekana, vipimo vingine hufanywa ili kuthibitisha. Mwili huhitaji majuma kadhaa, wakati mwingine hadi miezi 3, kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Mtu aliyeambukizwa juma lililopita anaweza kuonyesha mstari mmoja leo, akakuambia kwa moyo safi kwamba hana kitu, na hali katika majuma hayo ya mwanzo virusi huwa vingi mno katika damu na shahawa zake, kiasi kwamba ndipo anapoweza kuambukiza kwa urahisi zaidi. Jibu la kipimo linahusu siku zilizopita. Halisemi lolote juu ya safari yake ya kesho.

Halafu kuna jambo la umri, ambalo sisi watu wazima tumelificha kwa muda mrefu. Shuleni mmeambiwa kwamba ngono ni hatari, mkaachwa hapo, kana kwamba hatari ni ileile kwa kila mtu. Sivyo. Mwanaume wa miaka 40 ameishi miaka mingi zaidi ambayo angeweza kuambukizwa kuliko mvulana wa miaka 17, na katika nchi nyingi za Afrika vipimo vimeonyesha kwamba virusi viko kwa wanaume wazima kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wavulana wa sekondari. Mchumi Pascaline Dupas aliwahi kulipima jambo hili magharibi mwa nchi ya Kenya. Katika baadhi ya shule, wasichana wa darasa la nane walielezwa kwa kipindi kimoja kifupi tofauti ya maambukizi kati ya wavulana na wanaume wazima. Katika shule nyingine, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa kawaida uliosisitiza kujizuia mpaka ndoa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba mimba zilipungua kwa asilimia 28 kwa wasichana walioelezwa habari za umri, ilhali mafunzo yale ya walimu hayakubadilisha kiwango cha mimba. Wasichana wale walipojua hatari iko wapi hasa, wengi waliiepuka wenyewe. Ninakuamini wewe pia hivyohivyo.

Mwili wa msichana nao una sehemu yake katika jambo hili. Ngozi laini ya ndani ya uke ni pana, shahawa hukaa humo kwa saa nyingi, na mlango wa kizazi wa msichana ambaye bado anakua ni rahisi kudhurika. Ndiyo maana, katika tendo la mwanamke na mwanaume bila kinga, mwanamke ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Cha kufanya ni hiki. Usikutane naye peke yako, wala garini, wala nyumbani kwake, wala hotelini. Mwambie mama yako maneno yote ambayo mtu huyo amekuambia, kwa sababu inawezekana anajua habari ya pesa bila kujua habari ya masharti. Kama unaona ni vigumu kumwambia, anza na shangazi yako au mama mdogo. Minervali isiwe sababu ya kunyamaza: prefe anaweza kuombwa ilipwe kidogokidogo, na shule nyingi hukubali mzazi anapokwenda mwenyewe. Elimu ya msingi imekuwa bure katika shule za umma tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na ninasema mbele ya wasomaji wote kwamba pengo hilo ndimo wanamoingia wanaume wa namna hii. Familia, parokia na kamati za wazazi zina wajibu wa kuliziba. Na kama tayari jambo limetokea, soma jibu langu la mbele kuhusu saa 72, kisha nenda hospitali leo. Hakuna muuguzi anayestahili jina hilo atakayekuhukumu.

Mama, wenzangu wanasema sida ni ugonjwa uliobuniwa na Wazungu ili kuwakatisha tamaa wapendanao. Pia nataka kujua kama mbu, wembe wa kinyozi na kula sahani moja vinaambukiza. (Mvulana wa miaka 15, mtaa wa Kenya)

Mwanangu, tone la damu lililochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati mji huo ukiitwa Léopoldville, lilipimwa miaka mingi baadaye na kukutwa na virusi hivi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujapata hata jina. Virusi vilitambuliwa mwaka 1983 katika taasisi ya Pasteur huko Paris, na mwaka uliofuata madaktari wa Kongo na wenzao wa nje walianza utafiti mkubwa Kinshasa, katika hospitali iliyoitwa wakati ule Mama Yemo, ambako wagonjwa walikuwa wakikonda na kufa bila sababu kujulikana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia nasaba ya virusi hivyo na kuonyesha kwamba vilianza kuenea kutoka Kinshasa miaka ya 1920, na kwamba vilisafiri na watu kwa reli mpaka Mbuji-Mayi na hapa kwetu Lubumbashi miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kuvijua. Mji wetu umo katika historia hiyo tangu mwanzo. Watu zaidi ya milioni 40 wamekwisha kufa duniani, na wengi wao ni Waafrika. Waambie wenzako hivyo.

Mbu haambukizi, kwa kuwa virusi hivi haviwezi kuzaliana ndani yake, humeng'enywa pamoja na damu aliyoinywa, na anapouma hudunga mate yake, si damu ya mtu mwingine. Sahani, kikombe, choo, kushikana mikono na kukohoa haviambukizi. Wembe uliomkata mtu na kutumiwa hapohapo kwa mwingine unaweza kuambukiza, kwa hiyo kinyozi afungue mpya mbele yako. Lakini ukweli ni kwamba maambukizi mengi mno barani kwetu hutokana na ngono bila kinga, na kijana anayelilia wembe huku akilisahau hilo ameangalia upande usio wenyewe.

Ninafundisha biolojia na somo la elimu ya maisha katika shule ya kikatoliki. Wanafunzi wananiuliza kuhusu kondomu, nami sijui niseme nini bila kugombana na wakuu wangu. (Mwalimu, Ruashi)

Mwalimu, heshima yako kwa shule yako ninaielewa, na sitakushauri uifiche kwa prefe kazi unayoifanya. Lakini swali la mwanafunzi lina sehemu mbili. Moja ni ya imani na maadili, na hapo shule ina haki ya kufundisha inachoamini, kwamba kujizuia na uaminifu ndiyo njia yake. Nyingine ni ya maarifa, na hapo uongo haukubaliki katika shule ya dini yoyote. Nimesikia watoto wakiambiwa kwamba kondomu zina matundu yanayopitisha virusi. Si kweli. Mpira mzima wa kondomu hauvipitishi virusi, na inapotumiwa kila mara na kwa usahihi hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa sana. Mwanafunzi aliyedanganywa hivyo hataacha ngono kwa sababu hiyo, ataacha kondomu.

Kama huruhusiwi kuonyesha matumizi yake darasani, mwombe prefe aidhinishe ziara ya muuguzi wa zoni ya afya, au waelekeze wanafunzi wakubwa kwenye kituo cha afya. Na kwa msomaji yeyote anayehitaji, haya ndiyo ya msingi: tazama tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, bonyeza uone kama bado ina hewa, ifungue kwa vidole wala si kwa meno, bana ncha yake hewa isibaki humo wakati wa kuivaa, na ishike kwenye ukingo wake wa chini wakati wa kutoka ili isichomoke. Itumike mara moja tu, tena moja peke yake, kwa sababu mbili zikivaliwa pamoja hukwaruzana na kupasuka. Mafuta ya mawese, vazelini na losheni huuharibu mpira kwa muda mfupi, na ile iliyokaa mwezi mzima kwenye pochi ya mfuko wa nyuma ya suruali haifai tena.

Usiwasahau wavulana juu ya tohara. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Inapunguza, haiondoi, wala haimkingi msichana aliye naye.

Je, chanjo ya ukimwi imepatikana? (Wanafunzi watatu, Lubumbashi)

Bado. Kilichopatikana ni dawa za kinga kwa mtu asiye na virusi lakini aliye katika hatari kubwa. Kuna vidonge vya kila siku, na kuna sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara 2 kwa mwaka. Katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana zaidi ya 2,000 walichomwa sindano hiyo na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2025. Muulizeni mhudumu wa afya ni kipi kinachopatikana katika zoni yenu.

Binti wa jirani yangu, mwenye miaka 14, alibakwa jioni akitoka kuchota maji. Familia ilimwogesha, ikakaa siku nne kujadiliana na familia ya kijana aliyefanya hivyo. Nilipowaambia waende hospitali walisema mambo yamekwisha. Je, wamekosa nini? (Mama, Katuba)

Mama, wamekosa saa ambazo hazirudi. Kuna dawa za kinga ambazo wahudumu huziita PEP: ni ARV, dawa zilezile anazomeza mtu anayeishi na virusi, zinazoanza kumezwa ndani ya saa 72 baada ya tukio na kuendelea kwa siku 28, ili virusi vizuiwe kabla ya kukita mizizi mwilini. Kila saa ina thamani, na anayeanza usiku uleule yuko salama zaidi kuliko anayeanza siku ya tatu. Baada ya saa 72 dawa hizo hazitolewi tena, kwa kuwa hazitegemewi kusaidia.

Hata hivyo msikae nyumbani. Kidonge cha kuzuia mimba hufaa hadi siku 5, dawa za magonjwa mengine ya zinaa zipo, chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo, na mtoto anahitaji kupimwa sasa na kurudia baada ya miezi 3. Anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imetufundisha sote kwamba mwanamke aliyebakwa hutibiwa mwili, moyo, haki yake mbele ya sheria na riziki yake kwa pamoja, na mtoto wa Katuba hastahili pungufu ya hapo.

Wazazi na walimu walishike hili: jambo kama hilo likitokea, mtoto asiogeshwe kwanza, nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, na apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali kubwa iliyo karibu. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi. Mazungumzo ya mbuzi na faini kati ya familia mbili hayamkingi mtoto na kirusi hata kimoja, tena ni kumnyima haki ambayo sheria imempa. Ninaandika hivi kwa uchungu, kwa sababu si mara ya kwanza kuletewa habari kama hii baada ya siku ya tatu.

Mama, nilizaliwa na virusi. Nina miaka 16 na nameza dawa tangu utotoni. Mwaka huu wananipeleka shule ya bweni na naogopa wenzangu wataziona dawa. Kuna usiku nilifikiri kuziacha. (Mwanafunzi)

Mwanangu, usiziache. Kidonge chako kimoja cha kila siku ndicho kinachovizuia virusi kuzaliana, na ukikimeza bila kuruka, virusi hupungua mpaka kipimo kisivione. Tafiti kubwa zimethibitisha kwamba mtu aliyefikia hali hiyo na kudumu nayo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Siku utakapotaka kuolewa au kuoa utaweza kuzaa watoto wasio na virusi: mama anayemeza dawa vizuri hupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto mpaka chini ya asilimia 5.

Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda watu wanaoishi na virusi na kukataza ubaguzi dhidi yao, kwa hiyo shule haina haki ya kukufukuza wala kuitangaza hali yako. Chagueni, wewe na mlezi wako, mtu mzima mmoja tu wa bweni atakayejua, muuguzi wa shule kama yupo. Chagua saa ambayo una faragha, kwa mfano kabla ya kuoga asubuhi, na uishike hiyohiyo kila siku. Vidonge vibaki katika kopo lake, kwa sababu unyevu huviharibu vikitolewa. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, ila usimeze viwili kwa pamoja. Kabla ya kuondoka, omba kliniki yako ikupe dawa za kutosha mpaka likizo, na uulize tarehe ya kupimwa tena wingi wa virusi, ili tarehe hiyo iangukie likizo.